Samaki Aliyeambiwa Apunguze Chumvi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukumbi wa kusubiria wa kliniki ya macho bado unanuka sabuni ya sakafu. Mwanamke mfupi aliyevaa ndala na aproni ya mpira inayomfika vifundoni anapiga magoti mbele ya tangi la kioo lenye urefu wa kitanda. Anachovya kijiti majini, anadondosha tone moja kwenye kichombo mfano wa darubini ya kuchezea, analifumba jicho la kushoto na kuchungulia kwa la kulia, uso ameuelekeza dirishani.

Mama mmoja aliyewahi kuja kushika namba anasimama mlangoni akimtazama.

"Na wewe umeandikiwa miwani, shoga?" anauliza.

"Hapana, mimi naipima bahari," anajibu bila kugeuka. "Na leo bahari ni nzima kabisa. Karibu ukae."

Huyo ndiye Mama Ndoo. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa sababu hajawahi kuonekana akipita ukumbini mikono mitupu. Aliajiriwa kufagia, na hadi leo mshahara wake ni ule ule wa wafagizi pamoja na posho ndogo ya tangi ambayo, anasema, "ikifika katikati ya mwezi inaniaga kwa heshima." Lakini mwulize anafanya kazi gani uone. Atajinyoosha, atajifuta mikono kwenye aproni, atakwambia: "Natibu."

Anatibu samaki wa maji ya chumvi. Na leo ana haki ya kujinyoosha zaidi ya siku zote, maana leo Mkaguzi anarudi kazini.

Mkaguzi ni samaki. Ni bapa kama sahani, ana mwiba mdogo kwenye shina la mkia, na ni wa njano kiasi kwamba hata mwandishi wa makala haya, asiye na tatizo lolote la macho, alijikuta akipepesa. Ameitwa Mkaguzi kwa sababu ya tabia yake. Kila asubuhi taa zikiwashwa huzunguka tangi zima, kona kwa kona, jiwe kwa jiwe, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichoibwa usiku.

Kliniki hii ina desturi yake ambayo hutaikuta katika kitabu chochote cha tiba. Mtu akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, bandeji hutolewa kesho yake. Daktari akishamaliza kumpima kwa taa na herufi za ukutani, muuguzi humshika mkono, humtoa ukumbini na kumsimamisha mbele ya tangi. Kisha humuuliza, "Unaona nini?"

"Wengi hawaanzi na umbo, wanaanza na rangi," anasema muuguzi mwenyewe, mama mrefu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. "Wanapiga kelele, 'Njano!' Kuna bibi alilia hapa hapa, akasema alikuwa amesahau kwamba njano ni kali hivyo. Ukumbi mzima husikia. Wale wanaosubiri zamu yao, waliokuwa wanatetemeka, wanaacha kutetemeka. Mimi sina dawa ya hofu inayomshinda yule samaki."

Sasa elewa basi ilikuwaje pale Mkaguzi alipougua.

Ugonjwa uliingia kwa wema. Mgonjwa mmoja aliyepona alileta shukrani yake ndani ya mfuko wa plastiki: samaki mdogo wa mistari, kamnunua dukani. Mama Ndoo aliona haya kumweka mgeni pembeni mbele ya aliyemleta. Akamtia tangini moja kwa moja, watu wakapiga makofi.

"Kwa binadamu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema akitikisa kichwa. "Kwa samaki, mgeni njoo, mwenyeji augue. Nililijua hilo. Heshima ndiyo iliyoniponza."

Haukupita muda Mkaguzi akaanza kujisugua kwenye mawe, kama mtu aliyevaa sweta la sufu bila fulana. Mapezi yakatokwa na vidoa vyeupe, vidogo mfano wa chembe za chumvi. Akawa anahema haraka haraka. Kisha akaacha kukagua. Akajibanza kwenye kona moja, na asubuhi zile wagonjwa walipoulizwa wanaona nini, walikodoa macho yao mapya na kusema hawana hakika.

Mama Ndoo alimpigia simu fundi aliyelijenga tangi lile, mzee aliyestaafu ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Fundi alimsikiliza, akacheka kidogo, akamwambia jambo ambalo mtu mwingine angelidhani ni mzaha: samaki wa bahari, mpunguzie chumvi.

Naomba msomaji avumilie somo fupi, nami nitaliweka kwa maneno ya mwenye kazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anaanza Mama Ndoo. "Kwa samaki kiko ndani zaidi, chini ya ngozi. Ni kidudu hata jicho halikioni, wewe unaona doa lake tu. Kidudu hicho ni cha bahari, kimezoea chumvi nyingi. Ukiipunguza chumvi, maji yanakivamia kwa ndani, nacho hakina nguvu ya kuyatoa. Kinajaa, kinajaa, paa! Kinapasuka. Samaki yeye mwili wake unajua kujisimamia. Anastahimili. Tena nakwambia anapumzika, maana kuishi ndani ya chumvi ni kazi."

Maji ya bahari yana takriban gramu thelathini na tano za chumvi kwa kila lita. Yeye huishusha polepole, kwa siku mbili tatu, hadi kufikia kama kumi na nne, chini ya nusu. Lakini hawezi kufanya hivyo katika tangi la ukumbini, kwa kuwa mle kuna matumbawe, kamba na konokono, na hao chumvi ikipungua wanakufa kabla ya kidudu. Kwa hiyo samaki ndio wanaohama. Tangi kubwa hubaki bila samaki hata mmoja, ili vidudu vilivyobaki humo vikose wa kumla vife njaa.

Mkaguzi na wenzake wanne wakahamishiwa stoo, ndani ya tangi tupu la kioo lililowekwa juu ya meza, kati ya mafagio na makatoni ya glavu. Halikuwa na mchanga wala jiwe. Lilikuwa na pampu ya hewa, kipasha maji na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Pembeni yake, mapipa mawili: pipa la bahari kamili kwa ajili ya ukumbini, na pipa la wagonjwa lenye maji mepesi, yaani ya chumvi kidogo. Kwa kuwa tangi la stoo halina mchanga wa kusafisha uchafu, kila siku alichota maji machafu na kurudisha safi kutoka pipa la wagonjwa. Ndipo ndoo zilipozidi.

Meneja wa kliniki, kijana nadhifu ambaye hajawahi kulowa hata soksi, hakupendezwa na tangi lisilo na samaki katikati ya ukumbi wake. Alikuja na wazo. Litolewe, ukutani iwekwe runinga kubwa inayoonyesha samaki mchana kutwa.

"Nilimwambia runinga haiugui," anakumbuka meneja, naye anacheka. "Akaniambia, 'Wala haiponi.'"

Hata hivyo hakuacha wazo lake. Alimpa Mama Ndoo nafasi kwa sharti moja lililo wazi: samaki wakipona, tangi linabaki. Wakifa, runinga inaingia, naye arudi kwenye ufagio.

"Si kwamba ufagio una ubaya," anasema Mama Ndoo. "Ufagio ulinilishia watoto. Lakini mtu akishajua kutibu, umrudishe kufagia? Utakuwa umemkata kidole."

Matibabu yalikwenda vizuri, na uzuri huo ndio uliokuwa mtego. Vidoa vilitoweka mapema. Mkaguzi akaanza kula, akaanza hata kukagua bomba lake la plastiki. Meneja akachungulia stoo akashangilia: mgonjwa kapona, arudishwe ukumbini leo leo.

"Bado," akasema Mama Ndoo.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Ya matumbo tutanywa dawa. Samaki akishakufa hakuna dawa."

Alikuwa na sababu. Doa likitoweka, anaeleza, haimaanishi kidudu kimekufa. Kimeshiba tu, kimeshuka chini kwenda kuzaana, na watoto wake watapanda kutafuta ngozi. Ndiyo maana maji mepesi hayaachwi hadi zipite wiki nne kamili tangu doa la mwisho. Anayeacha kwa kuwa haoni kitu huanza upya kwa machozi.

Na kuanza upya alianza, ingawa si kwa kosa lake.

Mama yake mzazi, mjane anayeishi mbali kidogo, alikuwa amepata nafasi ya upasuaji katika kliniki hii hii baada ya kusubiri kwa muda mrefu. Bibi huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, wa masufuria ya kuingia mtoto akajificha. Mtoto wa jicho alimwingia polepole macho yote mawili, na kwa miaka ya karibuni alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Mama Ndoo akaomba ruhusa ya siku tatu kwenda kumchukua. Tangi la stoo akamwachia mlinzi wa mchana, mzee mwenye moyo mwema ambaye alijitolea mwenyewe.

"Alinionyesha kila kitu," anakiri mlinzi, kofia mkononi. "Chota maji machafu, rudisha safi. Akanionyesha na pipa. Sasa siku ya kwanza nikasema ngoja nionje. Nikaonja hili, nikaonja lile. Hili la wagonjwa likawa limepooza kama mchuzi wa hospitali. Nikasema, masikini, dada kwa mawazo ya mama yake kasahau chumvi. Samaki wa bahari huyu, mgonjwa tena, tunamnyima chumvi? Nikamchotea lile lililokolea."

Akamchotea siku zote tatu, ndoo kwa ndoo, kwa huruma.

Mama Ndoo aliporudi, alidondosha tone lake, akachungulia, akafuta kioo, akachungulia tena. Chumvi ilikuwa imepanda hadi kukaribia ya bahari. Siku chache baadaye mapezi ya Mkaguzi yalikuwa na vidoa upya, na mmoja wa wale wanne, mdogo kuliko wote, alikutwa chini ya tangi amekufa.

"Nililia," anasema. "Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia kama nimefiwa. Mlinzi akaja akasimama mlangoni, naye machozi yanamtoka, ananiambia, 'Dada, nilimuonea huruma.' Sasa mtu kama huyo utamgombeza vipi? Nikamwambia, 'Mzee, huruma yako imekolea mno.' Tukajikuta tunacheka huku tunalia."

Meneja alipouliza kilichotokea, Mama Ndoo hakumtaja mtu. Alisema tangi ni lake, na kila kinachotokea ndani yake ni chake. Akashusha chumvi upya, polepole kama mara ya kwanza, na wiki zikaanza kuhesabiwa kutoka mwanzo.

Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Siku ya mama yake kufunguliwa bandeji ingefika kabla ya samaki kumaliza dawa.

Ili kujua kwa nini hilo lilimchoma, sharti umjue bibi. Huyu bibi hakuwahi kuielewa kazi ya binti yake, na hakuona sababu ya kuficha. Alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe anatunza samaki, aliuliza wanauzwaje. Alipoambiwa hawauzwi wala hawaliwi, alitoa hukumu ambayo Mama Ndoo anaikariri kwa sauti ya mama yake hasa:

"Kuogesha samaki! Samaki anaogeshwa kwa ndimu, mwanangu, kisha anaingia kikaangoni. Mtu mzima kuamka alfajiri kwenda kuogesha samaki!"

Miaka ikapita, macho yakazidi kufunga, na bibi hakupata kuiona kazi yenyewe. Mama Ndoo alikuwa ameipangia siku. Bandeji ingetoka, muuguzi angemleta mama yake ukumbini, Mkaguzi angepita mbele yake akiwa wa njano vile, naye angesimama kando na ndoo yake akisubiri neno moja tu.

"Nilitaka aseme, 'Kumbe.' Basi. Sikutaka zaidi ya hapo," anasema.

Na wote walimwonea huruma. Mkaguzi alikuwa tayari hana doa, anakula, anang'aa. Muuguzi alimsihi amtoe hata kwa saa moja. Mlinzi alijitolea kubeba. Hata meneja, kwa wema wake, alikuja stoo akamwambia, "Mama, kwa ajili ya mzazi. Mtoe, bibi amwone, umrudishe."

Kulikuwa na majibu mawili, na yote aliyajua vizuri. Kwanza, kumtoa samaki kwenye maji mepesi na kumtumbukiza ghafla kwenye bahari kamili ni kumnyausha akiwa majini, chumvi inamnyonya. Kushusha ni siku mbili tatu, kupandisha ni polepole zaidi ya hapo. Pili, lile tangi la ukumbini lilikuwa bado halijamaliza kujisafisha.

"Nilitaka, sikufichi," anasema. "Usiku ule niligeuka kitandani mpaka mume wangu akanifukuza nikalale sebuleni. Nikajiambia ni saa moja tu, nani atajua. Lakini wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Meneja nilimkatalia kwa ajili ya kazi. Sasa nijikubalie mimi kwa ajili ya sifa? Nikasema hapana. Mkaguzi hatoki."

Siku ikafika. Daktari akatoa bandeji ya jicho la kulia, akapima, akaridhika. Muuguzi akamshika bibi mkono, akamleta ukumbini kama desturi. Watu walikuwa wamejaa. Mama Ndoo alisimama kando ya tangi, mikono ameificha nyuma.

"Bibi, unaona nini?"

Bibi akainamia kioo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua muda wake.

"Naona mawe," akasema.

Bibi akainua uso, akamtafuta binti yake kwa lile jicho moja, akampata.

"Mwanangu, miaka yote hii unaogesha mawe?"

Kicheko kilichotoka pale, anasema muuguzi, kilisikika hadi chumba cha upasuaji. Lakini Mama Ndoo hakucheka. Alimshika mama yake mkono, akampitisha kwenye korido, wakayapita mafagio na makatoni ya glavu, akamwingiza stoo na kumkalisha juu ya ile ndoo iliyofunikwa.

"Wagonjwa wangu ni hawa hapa," akamwambia.

Bibi alitazama. Tangi lenyewe halikuwa na pambo lolote, kioo kitupu na bomba la plastiki, na ndani yake Mkaguzi akizunguka, kona kwa kona. Alitazama mapipa. Alitazama ndoo zilizopangwa, mipira, taulo zilizotundikwa, alama ya maji kwenye sakafu iliyochakaa kwa kusuguliwa. Binti yake akamweleza habari yote: vidudu, maji mepesi, mlinzi na huruma yake, na kwa nini samaki hakuweza kutoka hata kwa ajili yake.

"Kwa hiyo na samaki naye kaambiwa apunguze chumvi?" bibi akauliza.

Msomaji, lazima ujue kwamba bibi ana presha. Daktari wake amemwambia apunguze chumvi, na kwa miaka amebishana naye kwa hoja za mpishi aliyestaafu kwa heshima.

"Ndiyo, mama. Na yeye hakubishana."

Bibi akacheka hadi muuguzi akaja mbio kuangalia kama jicho liko salama. Alipotulia, aliuomba mkono wa binti yake. Mkono ule alikuwa akiushika kila siku, ndio uliomwongoza bafuni, mezani na kitandani. Sasa aliugeuza mwangani akauchungulia. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole, na ndani ya mipasuko mlikuwa na mistari myeupe ya chumvi iliyokauka.

"Nilidhani umekuwa mvivu wa kujipaka mafuta," bibi akasema.

Akaushika kwa muda. Kisha akasema neno ambalo Mama Ndoo hakulitarajia.

"Hii ni mikono ya jikoni. Ya mpishi mkuu."

Tangu siku hiyo, kila alipoletwa kuangaliwa jicho, bibi alidai apitishwe stoo kwanza. Aliyajua mapipa. Alimkemea mlinzi akisogea karibu nayo. Alikubali, kwa shingo upande, kwamba maji yanapopungua tangini kwa joto ni maji tu yanayoondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo unajaza maji yasiyo na chumvi. "Kama mchuzi uliokauka motoni," alisema. "Hilo mbona nalijua tangu utoto wangu?" Na inasemekana nyumbani kijiko chake cha chumvi kimepungua, ingawa yeye mwenyewe alipoulizwa alisema maswali mengine si ya gazeti.

Wiki zilitimia bila doa. Chumvi ikapandishwa, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka maji ya stoo na ya ukumbini yakasomeka sawa katika kile kichombo cha kuchungulia. Hicho ndicho alichokuwa akikihakikisha asubuhi hii tulipomkuta amepiga magoti.

Saa mbili na nusu, ukumbi umejaa. Mlinzi anafungua milango miwili ya korido kwa heshima zote, kama anayepitisha bwana harusi. Mama Ndoo anatokea na beseni lenye kifuniko. Bibi ameketi benchi la mbele. Jicho lake la pili litapasuliwa mwezi ujao, lakini leo hakuna aliyemwita kliniki. Amekuja mwenyewe, na kitambaa kipya kichwani.

Mkaguzi anaingia majini. Anasimama kidogo, anapanua pezi la mgongoni. Kisha anaanza, kona kwa kona, jiwe kwa jiwe. Wenzake watatu wanamfuata. Watu wanapiga makofi, na dereva mmoja wa lori aliyetolewa bandeji asubuhi hii anasukumwa mbele na muuguzi.

"Unaona nini?"

"Njano! Jamani, njano!"

"Huyo mimi nimemwona kabla yenu," bibi anamwambia aliyeketi jirani, kwa sauti ya kusikika benchi la nyuma. "Nimemwona stoo, angali kwenye dawa. Mwanangu ndiye aliyemtibu. Yule pale, mwenye aproni."

Meneja naye yuko, mikono mfukoni. Anakubali kwamba habari ya runinga imekwisha. "Mimi nilitaka kitu cha kuchomeka ukutani," anasema. "Yeye kanipa kitu cha kujivunia." Ameahidi pia kwamba makatoni ya glavu yatatafutiwa mahali pengine, na stoo ibaki ya Mama Ndoo.

Mwenyewe keshaipangia. Anataka rafu mbili na matangi mawili ya kudumu, na sinki lake. Kila samaki mgeni, hata aletwe na nani, atapita kwanza kwenye maji mepesi ndipo aingie ukumbini. "Sitaona haya tena," anasema. "Mgeni wangu atakaa wodini kwanza, na aliyemleta nitampa kiti amsubiri." Anataka pia mlinzi ajifunze kutumia kile kichombo cha kuchungulia, ili siku nyingine huruma yake aipime.

Na mama yake je, mwishowe alisema lile "Kumbe"?

Mama Ndoo anafungua mdomo kujibu, lakini muuguzi amemwahi. Amemshika bibi mkono kwa utani, amemsimamisha hatua kadhaa kutoka kwenye tangi, na anamuuliza kwa sauti yake ile ya wodini, "Haya bibi, leo je? Unaona nini?"

Wote tunasubiri njano.

Bibi anakaza lile jicho lake moja, si kwa samaki, bali juu, kwenye mstari mwembamba mwekundu ambao binti yake aliuchora kwenye kioo kuonyesha maji yanapotakiwa kufika.

"Naona maji yameshuka chini ya mstari," anasema. "Mwambieni mwanangu aongeze. Yasiyo na chumvi."

Mama Ndoo anajifuta macho kwa aproni, anachukua ndoo.